Siku moja na tangi la matumbawe, Mbeya

Saa kumi na moja alfajiri. Julai ya Mbeya unaijua: walinzi wameinamia jiko la mkaa getini, na mimi naingia ukumbi wa hoteli gizani na tochi niliyoizungushia plastiki nyekundu. Mlinzi mgeni aliwahi kunikamata akidhani naiba. Wadudu wengi wa kwenye matumbawe hujificha taa zikiwaka, ila mwanga mwekundu hauwashtui sana. Nataka niwakute wamejisahau.

Ni tangi la maji ya chumvi, lita 600, na bahari iko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Watu hudhani kazi yangu ni kutupia samaki chakula.

Saa kumi na mbili napima: joto 25, uzito wa maji ya chumvi ukilinganisha na maji matamu 1.025. Naongeza maji matamu yaliyochujwa, maana kinachokauka ni maji, chumvi inabaki. Nasafisha skima, kile kifaa cha kutoa uchafu wa maji kwa povu, harufu yake usiulize. Chai, chapati.

Saa mbili meneja akaja na ndara zake.

"Kijana, hivi vidubwasha vya kahawia vimejaa kwenye jiwe. Saa nane wageni wa mkutano wanaingia. Chukua kisu, kwangua."

"Bosi, hizo ni aiptasia, anemone wasumbufu. Ukikwangua, kila kipande kinachobaki kinaweza kuota."

"Kwani muhogo?"

Akacheka mwenyewe. Mimi sikucheka. Mwezi uliopita nikiwa likizo mtu alizisugua kwa stilwaya. Niliacha tano, nikarudi nikakuta zaidi ya thelathini, na zilizo karibu na matumbawe zinayachoma kwa mikono yake mpaka yanajikunja. Meneja akaonyesha na vile vikonokono vyeupe kwenye kioo: "Na hivyo toa." Hapana. Hivyo ni vijumba vya minyoo midogo, wanachuja maji, hawamdhuru mtu. Hata sifongo hai nyeupe iliyoota chini ya pampu siigusi. Akaondoka akisema nina maneno mengi kama mwanasheria.

Basi nikaanza kuziua aiptasia kwa chokaa. Chokaa safi (siyo ya kupaka ukuta) unaikoroga na maji kidogo iwe kama uji mzito wa mtoto, unaivuta kwa bomba la sindano. Unazima pampu, la sivyo mkondo unaitawanya chokaa juu ya matumbawe. Glavu ndefu na miwani, kwa sababu jiwe lilelile lina zoantha, viumbe jamaa wa matumbawe, na baadhi yake zina palitoksini, sumu isiyo na utani. Kisha unapeleka ncha taratibu, taratibu, hadi mdomoni mwa aiptasia. Ukiigusa kabla hujamwaga, inanywea shimoni na unasubiri itoke tena. Mkono umezama hadi kwapani, shingo imepinda, na nyuma yangu mzee mmoja kashika kikombe:

"Mwaisa, hao wa Matema?"

"Hapana mzee, wa Ziwa Nyasa ni wa maji matamu. Hawa wa bahari."

"Wanaliwa?"

Ikanywea.

Nilipanga kumi tu kwa leo, chokaa ikizidi inavuruga maji yote. Ya saba sijui ilikuwa saa ngapi, ila umeme ulikatika hapo. Jenereta ikagoma. Hita zimezima, pampu zimezima, nje kuna upepo wa milimani. Nikamwomba dada wa usafi mablanketi mawili, tukalifunga tangi kama mtoto mchanga, nikawasha pampu ya hewa ya betri.

Wageni wa mkutano wakaingia wakakuta tangi limevaa blanketi. Wakalipiga picha. Meneja alinitazama tu.

Umeme ulirudi jua likielekea kuzama. Joto 23. Hakuna aliyekufa. Zile tatu zilizobaki nitazifanya keshokutwa.

Kabla ya kutoka nikamulika tena kwa tochi nyekundu. Nyuma ya jiwe la kushoto kuna uvimbe wa zambarau, mdogo kama punje ya maharage, wiki iliyopita haukuwepo. Sifongo? Sijui. Sikuugusa. Nimechora mduara kwa kalamu kwenye kioo kuuzunguka, nikaandika tarehe.