Nilivyopanga kupoza nyumba ya bati kabla ya kununua kiyoyozi

Nyumba yenyewe ni ya chini, matofali ya saruji ya milimita 150, dari ya jipsamu, paa la bati la zamani lililofubaa. Dari ina mita za mraba 80. Paa, ukiongeza mteremko na kingo zinazotokeza, lina mita za mraba 100. Vyumba vya kulala vilikuwa havilaliki hadi saa sita usiku. Mpango wangu ulifuata sharti moja: zuia joto lisiingie, litoe lililoingia, kisha ndipo uulize mashine. Ukianza na kiyoyozi utanunua kikubwa kupita kiasi, na sehemu kubwa ya umeme wake itakwenda kushindana na bati.

Wiki mbili za kwanza sikugusa nyundo, nilipima tu. Niliweka vipimajoto vinne: nje kivulini, juu ya dari, chumba cha magharibi na sebuleni. Nilisoma mara nne kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na moja jioni na saa tatu usiku. Kipimajoto cha kawaida hupima hewa peke yake, ilhali mwili hupokea pia joto linalomulikwa na dari na kuta. Kwa hiyo cha tano nilikichomeka ndani ya mpira wa tenisi ya meza niliopaka rangi nyeusi isiyong'aa. Saa tatu usiku hewa ya chumba cha magharibi ilisoma nyuzi 30, mpira mweusi ukasoma 33. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mtu ageuze mto mara kumi, na feni haiwezi kuiondoa kwa sababu haitoki kwenye hewa.

Tahadhari kwa wenye kipimajoto cha kulenga kwa mwanga mwekundu: kinadanganya juu ya bati linalong'aa na juu ya foili (karatasi nyembamba ya alumini inayong'aa). Metali inayong'aa hutoa mnururisho mdogo, kwa hiyo kifaa kinasoma zaidi joto la vitu vinavyoakisiwa. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, subiri dakika tano, kisha lenga tepu. Bila tepu nilisoma nyuzi 38 mchana. Juu ya tepu, bati lilelile lilikuwa na nyuzi 65.

Sasa hesabu iliyoamua kazi ianzie wapi. Bati likiwa na nyuzi 65 na mgongo wa dari nyuzi 42, joto linalomulikwa kutoka bati kwenda kwenye dari ni karibu wati 140 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinapokea karibu wati 1,700 juu ya dari yake, kama pasi moja na nusu zilizowashwa. Si zote zinazopenya hadi kitandani, nyingine hubebwa na hewa ya darini, lakini hakuna ukuta wala dirisha katika nyumba ile lililokaribia kiasi hicho. Paa likawa la kwanza.

Nilianza na rangi nyeupe juu, kisha foili chini. Anayeweza kumudu kimoja tu aanze na rangi, maana haihitaji kufungua chochote. Ila ajue kwamba vumbi na ukungu huifubaza, na itabidi kuiosha kila mwaka na kuirudia baada ya miaka kadhaa. Kwa mita za mraba 100 usisahau migongo ya bati: mawimbi yanaongeza eneo, nami niliongeza asilimia 15. Lita moja ikipaka mita za mraba 8 kwa tabaka moja, tabaka mbili zinahitaji karibu lita 29. Nilinunua 30.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni rangi ya mafuta kupakwa moja kwa moja kwenye zinki inayofunika bati. Zinki hugeuza mafuta ya rangi kuwa kitu kama sabuni, na ndani ya misimu michache rangi inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Tumia rangi ya maji ya akriliki ya paa, na chini yake praima (rangi ya msingi) iliyoandikwa kuwa ni ya bati la zinki. Penye kutu piga brashi ya waya, kisha praima ya kuzuia kutu. Bati jipya lina mafuta ya kiwandani: lioshe kwa sabuni, suuza, liache likauke. Paka asubuhi, bati likishakuwa la moto rangi inakauka kabla haijashika. Kama unavuna maji ya mvua, hakikisha rangi inaruhusiwa kwa maji ya kunywa na umwage mvua za mwanzo. Na kama paa ni la vigae vya asbesto, usiparuze, usitoboe, usipige brashi. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu, na hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa na kibali.

Foili ilifuata. Roli la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 50 lina mita za mraba 60. Mawili yalitosha, kwa mapishano ya milimita 100 hadi 150. Niliyafunga upande wa chini wa mbao za kenchi, nikitokea darini. Foili inafanya kazi kama tu uso wake unaong'aa unatazamana na hewa. Uso huo ukigusa bati, au ukilalia dari bila nafasi, foili inakuwa kipande cha metali kinachopitisha joto kama metali nyingine yoyote. Acha nafasi ya milimita 25 au zaidi. Elekeza uso unaong'aa chini: ukielekea juu unafunikwa na vumbi, na foili yenye vumbi si kioo tena. Ikiwa safi, zile wati 140 zinashuka hadi 10 hivi. Faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji ni ya usiku. Bati hupoa kuliko hewa na umande hushika chini yake; foili iliyofungwa kwa mteremko hupokea matone hayo na kuyapeleka ukingoni badala ya kuyaachia jipsamu. Mwisho wa chini wa foili usiufunge basi, uache umwage nje.

Hapa ndipo penye kifo, na sitii chumvi. Foili inapitisha umeme. Nchini Australia, mpango wa serikali wa kuweka vizuizi vya joto kwenye nyumba, ulioanza mwaka 2009, uliua mafundi vijana wanne, watatu kati yao kwa umeme na mmoja kwa joto kali la darini. Pini za chuma zilizopigwa juu ya nyaya zilikuwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo zima swichi kuu, si swichi ya taa tu, kisha hakikisha kwa kipima umeme. Nyaya zote zionekane kabla ya kupiga pini ya kwanza. Fanya kazi alfajiri, toka darini kabla ya saa nne, na mtu awe chini ya ngazi.

Juu ya dari ya vyumba viwili vya kulala niliongeza sufi ya kioo (blanketi la nyuzi za kioo la kuzuia joto) ya milimita 100. Usiikanyage wala kuibana: kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani yake, na ukiigandamiza hadi milimita 50 unapoteza karibu nusu ya faida uliyolipia. Waya wa umeme uliozungukwa na sufi pande zote kwa nusu mita au zaidi huhesabiwa uwezo wake kuwa nusu tu, kwa hiyo nyaya za hita na kiyoyozi nilizinyanyua juu ya sufi. Taa zilizozama darini niliziachia nafasi wazi, kwani sufi ikizifunika zinajipika. Vaa barakoa, glavu na mikono mirefu.

Hewa ya darini lazima itoke. Kipimo ninachotumia ni uwazi wa 1/150 ya eneo la dari: 80 gawanya kwa 150 ni mita za mraba 0.53, nusu chini kwenye kingo za paa, nusu juu kwenye pembetatu za kuta mbili za mwisho. Matundu ya juu tu, au ya chini tu, hayavuti. Wavu wa mbu usiuweke hapa. Matundu yake madogo yanazibwa na vumbi na buibui ndani ya miezi. Wavu wa milimita 6 unazuia ndege na panya, na mbu atakayeingia darini anazuiwa na dari yenyewe, mradi umeziba mianya ya taa na kifuniko cha kupandia.

Ukuta wa magharibi ulinifundisha adabu. Nilidhani kurefusha ukingo wa paa kutatosha. Karibu na ikweta, saa kumi jioni jua liko takriban nyuzi 30 juu ya upeo; ili ukingo utie kivuli dirisha la kimo cha mita 1.2 unahitaji utokeze mita 2.1. Hiyo ni baraza, si ukingo. Kwa jua la mchana ukingo wa sentimita 60 unafaa sana, lakini la jioni linaingia kwa chini. Dawa yake ni kivuli kilichosimama: fremu ya mbao yenye mmea mtambaa, ikiwa sentimita 20 mbali na ukuta ili hewa ipite na unyevu usishike, pamoja na mkeka wa kuviringisha nje ya dirisha. Pazia la ndani linasaidia kidogo tu. Mwanga ukishavuka kioo, joto liko ndani tayari, na pazia linakuwa hita. Saruji ya milimita 150 huchelewesha joto kwa saa nne au tano, ndiyo maana jua la saa kumi jioni linakutana nawe saa tatu usiku, wakati nje kumeshapoa.

Baada ya paa na ukuta, mpira mweusi wa saa tatu usiku ulisoma 29.5 badala ya 33, siku ambazo nje kulifanana. Feni ikawa na maana. Upepo wa karibu mita 0.8 kwa sekunde mwilini unahisiwa kama kupungua kwa nyuzi tatu hivi, kwa wati 50 hadi 75, au 30 hivi kwa feni za mota ya kisasa. Izime ukitoka: feni hupoza mtu, haipozi chumba.

Upande wa umeme, mita yenyewe ilinitosha. Yangu inamulika mara 1,000 kwa uniti, kwa hiyo kila mmuliko ni wati-saa moja. Nilizima kila kitu, friji nikaichomoa, nikasubiri. Mimuliko 12 kwa dakika 10, yaani wati 72, na hakuna aliyekuwa akitumia chochote. Kwa mwezi ni uniti 52 hivi. Nilichomoa kimoja kimoja hadi mita ikatulia: stabilaiza ya zamani, king'amuzi na spika zilizolala bila kuzimwa. Soketi yenye swichi ikamaliza hilo. Friji ilihitaji raba mpya ya mlango (karatasi ikitoka bila kushikwa, raba imekwisha) na sentimita 10 za nafasi nyuma yake. Hita ya maji ni hesabu rahisi: lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi 60 ni uniti 2 kila mara, kwa hiyo niliipa saa ya kuiwasha jioni tu. Taa za zamani, badilisha uweke za LED na uendelee.

Kiyoyozi kilibaki cha mwisho na cha chumba kimoja. Hapa mpango unagongana na nafsi yake: vyumba vya feni vinataka hewa ipite, chumba cha kiyoyozi kinataka kuzibwa. Usijaribu yote katika chumba kimoja. Niliweka raba kwenye mlango, silikoni kwenye fremu ya dirisha, na ukanda wa mpira chini ya mlango. Kabla ya kazi hizi nilishauriwa BTU 12,000, yaani kilowati 3.5 za kupoza. Baadaye 9,000 zilitosha. Kikubwa mno hupoza haraka, kinajizima kabla hakijakausha hewa, na unalala kwenye ubaridi wenye unyevu. Nimekiweka nyuzi 26 pamoja na feni ndogo. Bomba lake la maji nimelielekeza kwenye mizizi ya ule mtambaa wa magharibi, maana hapo ndipo udongo unapokauka kwanza.