Siku moja na kamera yangu: Darajani, Shangani, Michenzani

Saa 1 asubuhi. Niko Darajani, mjini Zanzibar. Wenzangu wengi hukimbilia Forodhani mapema, lakini majumba ya pale yanatazama magharibi. Asubuhi nyuso zake zimo kivulini. Soko la Darajani, la mwaka 1904, linatazama mashariki, na jua likitoka tu linalipiga usoni. Wachukuzi wanashusha mikungu ya ndizi. Najibana kando ya matenga nisiwazibie njia.

Saa 4. Kazi ya kulipwa: nyumba ya wageni Shangani. Vyumba vya nyumba hizi za kale ni vyembamba kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ina mwisho wake. Ukitumia lenzi pana sana chumba kinageuka ukumbi. Mwenye nyumba anafurahi, mgeni akifika ananuna. Sipigi hivyo.

Saa 6 mchana. Jua la utosi husemwa vibaya na wapiga picha. Kwenye vichochoro vyetu ndiyo saa yake hasa, maana ndipo mwanga unapofika chini. Barazani kuna bibi anapeta mchele.

"Shikamoo bibi. Naomba kupiga picha baraza yako."

"Marahaba. Na mimi nimo?"

"Ukiridhia."

"Siridhii. Kapige milango huko, kama wenzio."

Hata hivyo akanyanyuka na ungo wake, akanipisha. Pale alipokuwa amekaa, saruji imelainika mpaka inang'aa. Kwingine bado ina chengachenga. Nikapiga hapo tu.

Saa 8. Urojo, na kuchaji betri.

Saa 10 alasiri. Michenzani. Majumba haya marefu yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, enzi za Mzee Karume, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Mji Mkongwe uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2000. Michenzani haimo, na watalii hawaji. Mimi ndipo ninapokaa zaidi. Ramani ni moja, lakini hakuna roshani mbili zinazofanana: hii ina nondo za kijani, ile kanga zimeanikwa, ya tatu imezibwa ikawa chumba.

Saa 12 jioni. Sasa ndiyo Forodhani. Nalipiga jumba la Beit al-Ajaib, la Sultan Barghash, 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Husimama palepale kila nijapo, picha zilingane.

Saa 3 usiku. Kompyuta inataka kunyoosha kuta za Shangani. Naikatalia, zimepinda kweli. Mteja akilalamika, nitampa timazi akapime mwenyewe.