Beetle inagoma kuwaka ikiwa moto? Pima kwanza, stata baadaye

Volkswagen Beetle ya volti 12 ina ugonjwa wake. Asubuhi inawaka mara moja. Ukiizima baada ya safari na kurudi dakika kumi baadaye, unageuza ufunguo na stata iko kimya, au inatoa "tak" moja basi. Ikipoa, inazunguka vizuri kabisa. Wengi hukimbilia dukani kununua stata, na mara nyingi ile ya zamani haikuwa na kosa.

Fuata waya uone. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, na stata haiko mbali nayo, upande wa kulia wa giaboksi. Lakini umeme wa kuamsha solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyo juu ya stata, hauendi njia hiyo fupi. Kwenye modeli nyingi unatoka tamino 30 ya stata (inayopokea kebo ya betri), unakwenda mbele hadi swichi ya taa, unaingia swichi ya ufunguo, halafu unarudi nyuma hadi tamino 50 (inayoamsha solenoidi). Safari nzima hiyo kwa waya wa miaka hamsini na viungo vyenye kutu! Kila kiungo kinakula volti kidogo. Solenoidi baridi huvumilia. Ikishapata joto la injini, ukinzani wa koili yake unapanda na umeme uliobaki hautoshi kuivuta.

Anza na betri. Ikiwa imepumzika, isome volti 12.6 hivi, ikiwa 12.0, ichaji kwanza, usipoteze muda na vipimo vingine. Mtu apige stata huku ukisoma mita: ikishuka chini ya 9.6, shaka iko kwenye betri, au stata inavuta umeme kupita kiasi. Kisha weka waya mmoja wa mita kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye tamino 30, mpigishe tena. Zaidi ya volti 0.5 maana yake kebo au vichwa vyake ni vibovu. Rudia kati ya hasi ya betri na bodi la stata. Hapo ndipo utaigundua ethi ya giaboksi, ule mkanda wa nyaya zilizosukwa unaounganisha giaboksi na bodi la gari. Watu huusahau, nao huoza taratibu. Ufungue, ukwangue kwa brashi ya waya pande zote mbili, ukaze.

Sasa tamino 50. Gari iwe frii, breki ya mkono juu, ufunguo umezimwa. Unganisha tamino 30 na 50 kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Stata ikizunguka kwa nguvu, ni nzima. Tatizo ni swichi au waya. Ikigoma hata hivyo, ndiyo uishushe.

Dawa ya waya ni relei ya ampea 40, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa. Toa kwanza hasi ya betri, kwa sababu tamino 30 ina umeme wakati wote. Waya wa zamani wa 50 uende kwenye mguu 86, mguu 85 uende ethi, mguu 30 uchukue umeme tamino 30 ya stata kupitia fyuzi, na mguu 87 uende tamino 50, kwa waya wa milimita 4 za mraba. Swichi ya ufunguo sasa inaamsha relei tu, kwa hiyo nayo itadumu.

Ukilazimika kubadilisha stata ya zamani isiyo na pua (sehemu ya mbele ya kushikilia shafti), badilisha na bushi yake iliyomo ndani ya giaboksi. Ikilika, shafti inainama, rota ya stata inasugua, na stata mpya itakuwa nzito kama ya zamani.

Injini ikizunguka vizuri lakini haishiki moto, hiyo ni kesi nyingine. Vuta mkono wa kabureta huku ukichungulia ndani: petroli ikiruka, mafuta yapo, hamia kwenye cheche. Pointi, vile vigusano vya ndani ya distributa, ziwe na nafasi ya milimita 0.4 zikiwa wazi kabisa, na ukizigusa lazima uweke taimingi upya. Cheche ya njano, dhaifu, pamoja na pointi zinazoungua haraka, mara nyingi ni kondensa, kile kikopo kidogo kwenye distributa. Mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2. Waya mbili za plagi zikibadilishana, utasukuma gari hadi jioni.

Nafasi ya valvu pia: milimita 0.15, injini ikiwa baridi. Valvu ya egzosi ya silinda namba 3 hupata joto zaidi, kwa kuwa kipoza mafuta kinaizibia hewa kwenye injini za zamani. Ikibana, kompresheni inapotea.

Unaporudisha kiti, hakikisha betri ina kifuniko chake. Springi za kiti zikigusa tamino mtu akikaa, nyuzi za ndani hushika moto.