Duka langu la vitenge bado liko wazi

Mtoto wa dada yangu alinishauri nifunge duka. "Mama mkubwa, siku hizi watu wananunua kwa simu. Tuma picha WhatsApp, mzigo uwafikie nyumbani, kodi ya duka utaiepuka." Ushauri huo uliniudhi, maana aliyeutoa hajauza hata pisi moja ya kitenge. Niko bado hapa Lubumbashi, Kongo, kwenye soko la mtaa wetu uitwao Kenya, na wateja wanakuja.

Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, inapokaribia, kila kikundi cha wamama kinatafuta sare. Kamati moja ya kanisa iliniletea picha ya kitenge cha buluu kwenye simu, bei chini ya yangu. Sikubishana nao. Niliwaomba watumiane picha hiyo, kila mmoja aifungue kwenye simu yake, kisha waziweke zote juu ya meza yangu. Moja ilionyesha buluu, nyingine zambarau, nyingine rangi ya majivu. Nikawauliza, "Wamama, sasa mnavaa ipi?" Wakaangaliana!

Mvua ilikuwa imekatika, nikawatoa nje juani na kitenge changu cha waksi. Nilimtandikia begani aliye mweusi zaidi, halafu mweupe wao. Nikaigeuza: waksi ya kweli huchapwa pande zote mbili, na ule utomvu unaozuia rangi hupasuka, ndiyo maana unaona mishipa myembamba isiyojirudia. Kitenge cha kuiga mara nyingi hupauka nyuma. Mama mweka hazina aliikunja ngumini, akainusa, akalowesha pembe kwa mate na kuisugua kwenye leso nyeupe. Leso ikabaki nyeupe. Nilimwacha afanye atakavyo. Wauzaji wenzangu, mteja msimkataze kushika, hata akiondoka bila kununua.

Kupatana bei kulichukua muda mrefu kuliko kuchagua. Nilishuka kidogo kwa kila pisi ya yadi 6, nikaongeza vilemba vya matabishi, yaani nyongeza ya bure. Fundi wangu, ambaye nimempa nafasi ya cherehani mlangoni bila kumtoza chochote, aliwapima palepale.

Simu naitumia kutangaza mzigo umefika na kupokea malipo yaliyobaki kwa M-Pesa. Bei siitaji humo. Vikundi vya Machi, njooni Januari, kamati nzima, asubuhi kabla mvua haijaanza. Mkichelewa, mafundi wote watakuwa wamejaa kazi.