Sukari ya taifodi, kuku wangu na simu ya mama

Jumanne, saa tano usiku. Nanuka fenoli, kemikali ya maabara yenye harufu kali, mpaka kwenye nywele, nimeoga mara mbili haitoki, na jioni kwenye daladala dada mmoja alikaa pembeni yangu akavuta pumzi mbili tatu halafu akahamia siti ya nyuma. Sikumlaumu.

Kwa wasiojua ninachofanya siku hizi: nachuna sukari kwenye ngozi ya bakteria. Siyo utani. Salmonela kwa nje amefunikwa na minyororo ya sukari inayojirudia kama shanga, nne nne, na kinga ya mwili ikikutana naye cha kwanza kukiona ni hizo shanga. Wangu mimi ni Enteritidis, huyu wa kuku na mayai. Unamuotesha, unamuua, unampika kwenye maji na fenoli nyuzi 68, ukishapoza na kuzungusha kwenye sentrifyuji fenoli inakaa chini na maji yanakaa juu, sukari zako zimo kwenye maji. Njia ya mwaka 1952 hii, ya Otto Westphal na wenzake kule Ujerumani, akiwemo Otto mwingine, Lüderitz, na mpaka leo tunaitumia na harufu yake yote.

Sasa katika zile shanga nne, tatu ndo uzi wenyewe: manosi, ramnosi, galaktosi. Ya nne inaning'inia pembeni kwenye manosi, na hiyo ndo yenye maneno. Kwa Enteritidis ni tivelosi. Kwa salmonela wengine, Typhimurium uzi ni uleule ila pembeni kuna abekwosi, Paratyphi A kuna paratosi. Paratosi na tivelosi zinafanana kila kitu isipokuwa kwenye kaboni namba 2, hapo OH (oksijeni na haidrojeni yake) imegeukia upande mwingine, basi, hicho tu, na antibodi, silaha ya kinga ya mwili, inaijua tofauti wakati mimi na shahada zangu nahitaji mashine ya mamilioni. (Jina tivelosi limetokana na taifodi, abekwosi limetokana na salmonela anayeharibu mimba za farasi. Wakemia wakichoka kufikiri huwa wanafanya hivyo.)

Na hiyo shanga ya pembeni haipendi asidi kabisa. Wiki mbili zilizopita nilikuwa natenganisha sukari na mafuta yaliyoshikana nayo, unachemsha na asidi asetiki asilimia 1 kwa saa moja na nusu, mimi nikaenda kula nikakutana na watu stori zikanoga, narudi yameshapita masaa matatu na zaidi. Nikajipa moyo. Majibu ya NMR, ile mashine ya kusoma umbo la molekuli, yamerudi jana, sampuli tunazituma nje maana hapa hatuna mashine, nafungua nakuta kwenye mchoro, pale karibu na namba 2 ya mstari wa chini ambapo haidrojeni mbili za tivelosi zinatakiwa zisimame kama vilima, pamekuwa vichuguu. Tivelosi nyingi imekatika. Ndo maana leo nimeanza upya na fenoli.

Basi katikati ya hayo mama akapiga, yuko Muheza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekutwa na taifodi."

Wamepimaje? Eti wametoa damu, wakaichanganya kwenye kigae na dawa ya bluu na nyekundu, muda si muda wakamwambia ipo, moja kwa mia na sitini, akapewa sipro, antibaotiki. Hiyo ni Widal, kipimo cha mwaka 1896, na ile ya bluu ni O, yaani hizi hizi shanga ninazozichuna mimi! Bakteria wa taifodi pembeni ana tivelosi, sawa kabisa na Enteritidis wa kuku, na ule uzi anachangia hata na kina Typhimurium. Kwahiyo antibodi za kwenye damu zikigandisha ile dawa ya O inaweza ikawa taifodi, inaweza ikawa taifodi ya zamani, inaweza ikawa lile yai la mwezi wa pili. Kipimo kimoja cha siku moja hakiwezi kukuambia ni lipi. Ndo maana kwetu kila mwenye homa anatoka dirishani na malaria, taifodi na UTI, zote tatu kwa mkupuo.

Nikaanza kumweleza, mama akanisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza mgeni.

"Kwahiyo ninywe nisinywe?"

Hapo nikakwama. Mimi siyo daktari. Nikamwambia aende hospitali ya wilaya aonane na daktari, aulize kama wanaweza kuotesha damu, yaani kuona kama kuna bakteria ataota humo, halafu nikakumbuka ameshameza sipro za siku mbili, na ukishameza antibaotiki bakteria anaweza asiote hata kama yupo, na hata bila dawa huko kuotesha kunawapata karibu wagonjwa 6 kati ya 10 tu. Nikasema asiziache zile dawa katikati mpaka daktari amwambie. Akasema sawa, homa yenyewe tangu asubuhi imeshuka, ataenda keshokutwa kuna gari ya mjomba.

"Na hiyo sukari yako ya kuku," akauliza, "inaliwa?"

Mfuko wa dayalisisi, wa kuchujia sukari zangu, upo kwenye friji unatoa fenoli, maji nabadilisha saa kumi na mbili asubuhi. Asidi safari hii naisimamia mwenyewe na chakula nitabeba.