Saa kumi hadi saa tatu: siku ya baharia wa boti ya wageni Watamu

Saa kumi alfajiri. Simu haijalia mara ya pili, kiwiko cha mke wangu kimeshanifikia. Ni Januari, kaskazi inavuma kwa adabu, sulisuli, wale samaki wenye tanga mgongoni, wamejaa, na mwezi huu nimepumzika siku tatu tu. Chai ya rangi, mahamri mawili ya jana, kisha baiskeli. Barabarani saa hizi tunajuana wote: wapishi wa hoteli, askari wanaotoka zamu, kina mama wanaowahi dau za usiku.

Mimi ni baharia wa boti inayopeleka wageni kuvua, mwaka wa tisa sasa. Nikisema hivyo naulizwa maswali mawili: mgeni analipa ngapi, na wewe anakuachia bakshishi ngapi? La kwanza si siri, bei imebandikwa ukutani. Boti yetu kwa siku nzima ni shilingi 80,000. La pili hata wageni wenyewe hawalijui, na wengi huona haya kuuliza.

Saa kumi na moja. Maji yametoka sana, kwa hiyo dingi, kiboti kidogo cha kutuvusha hadi kwenye boti, inasukumwa mchangani hadi mbali, giza totoro, barafu na mapipa ya dizeli juu yake. Kisha chambo. Hapa ndipo siku yangu inapoanzia hasa. Chuchunge ishirini, kila mmoja naupinda uti wa mgongo kwa vidole ulegee, namtia ndowana, namshona mdomo. Ukimshona vibaya huzunguka majini kama feni, mshipi unajisokota, na sulisuli akimtazama mara moja hugeuka zake. Kazi hii inachukua saa nzima na mgeni haioni. Akipanda yeye, boti imeoshwa, rodi zimesimama, vinywaji vinatoa jasho la baridi.

Ami, nahodha wetu, yuko chini kwa injini. Si ami yangu wa damu. Alivua na marehemu baba kabla boti hizi hazijawa za vioo na redio, nami nimemwita hivyo tangu utotoni. Kabla jua halijatoka haongei na mtu.

Saa kumi na mbili unusu. Wageni wa leo ni Mmarekani wa makamo na mwanawe, kijana wa chuo. Mvushaji wa dingi anawabeba kamera zao kichwani, anawashika mkono mmoja mmoja wasidondoke. Mkumbuke huyu mvushaji, nitamrudia.

Ndani ya hifadhi ya bahari hatuvui. Ni marufuku, na hifadhi hiyo ipo tangu 1968. Tunapita mlango wa mwamba, rangi ya maji inageuka kutoka kijani hadi samawati nzito, ndipo tunapoteremsha mishipi.

Saa mbili hadi saa sita. Hakuna kitu. Sehewa wawili, faulusi mmoja wa kukaanga, basi. Kijana ametapika hadi ameishiwa. Nimemshikia ndoo, nimempa tangawizi atafune, nimemweka nyuma penye upepo na kumwambia atazame upeo wa bahari, asitazame simu. Kila nusu saa nabadilisha chambo kilicholainika. Ami yuko juu anasoma membe: wakiruka juu wanatafuta, wakishuka kwa pamoja wameona.

Watu hudhani siku yenye samaki wengi ndiyo tunayochoka. Siku hiyo hatuchoki, tunacheza. Tunachoka siku kama hii, ambayo Ami anafukuza kila kundi la ndege kaskazini na kusini, nami nashona chuchunge wengine kwenye boti inayoyumba. Na ndiyo siku ambayo mgeni asiyejua hushuka bila kusema kitu, akidhani hatukufanya kazi.

Saa tano hivi kijana alipata nguvu akanisogelea, akaniuliza polepole baba yake asisikie: kwenu mtu huwaachia kiasi gani? Akanieleza kwamba kwao Florida hesabu inajulikana, asilimia 15 hadi 20 ya bei ya boti, pesa taslimu, mkononi mwa baharia mwisho wa safari, kwa sababu baharia wengi kule huishi kwa hiyo hasa. Kwao hata anayewapasulia samaki gatini huwa na chake.

Nami nikamjibu nini? "Upendavyo."

Jibu baya kuliko yote. Tumelelewa hivyo, kwamba aliyeomba bakshishi ameshajishusha. Lakini mtu kauliza kwa heshima, anataka kujua desturi ya mahali, na "upendavyo" inamwacha gizani kama alivyokuja. Atakayeogopa kupunja atatoa sana, atakayeogopa kuibiwa hatatoa kabisa. Nilipaswa kumwambia: hapa hakuna sheria, wengi hutoa karibu asilimia kumi ya bei ya boti, tunagawana wote, na ukiridhika zaidi hatutakukataza. Sentensi moja. Nimeikariri njia nzima ya kurudi.

Saa saba. Mshipi wa kulia ulichomoka kwenye mlingoti wa pembeni, ukalegea, kisha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ikalia. Nyuma ya boti likanyanyuka tanga lile la samawati, na huyo sulisuli akasimama juu ya mkia wake. Baba mtu alimvuta dakika kama ishirini. Mimi kazi yangu ni mwisho: glovu mikononi, nashika lida, kile kipande kigumu cha mwisho wa mshipi, natazama samaki alipo na ubavu wa boti ulipo, kisha nashika pembe ya mdomo. Baharia mwenzangu anamchoma tagi, kialama cha kumtambua, begani, anakisia kilo 25, na boti inakwenda taratibu huku nikimshikilia maji yampite kwenye mashavu mpaka arudiwe na rangi. Halafu namwachia. Kadi ya tagi itakwenda African Billfish Foundation, shirika linalofuatilia samaki wa aina hii, hapa hapa Watamu.

Wa pili alikuja nusu saa baadaye, zamu ya kijana, naye akakaza breki ya rili kwa pupa. Mshipi ukakatika kama uzi. Kijana aliniangalia. Nikamwambia fundo lilikuwa bovu. Fundo nilifunga mwenyewe na halikuwa na ubaya wowote, lakini katika kazi hii mgeni hakosei.

Saa kumi jioni. Tunaingia na bendera ya sulisuli juu, ili walio ufukoni wajue. Sasa inakuja ile dakika ambayo kila mtu anajifanya ana shughuli. Mimi nakunja kamba iliyokwisha kukunjwa. Mwenzangu anaosha ndoo safi. Baba mtu anapapasa mfuko, anasita, anamtazama mwanawe, mwanawe anatazama maji. Mwishowe alimshika Ami mkono, na ndani ya mkono mlikuwa na noti moja ya dola mia. Akasema kwa sauti, sote tukamsikia: ni ya wote.

Hayo maneno matatu ni adabu kuliko kiasi chenyewe. Ukimpa nahodha, sema mbele ya wenzake ni ya wote. Au mpe kila mmoja chake mkononi. Usiiache ofisini. Boti niliyofanyia kazi zamani kulikuwa na sanduku mapokezini lenye maandishi mazuri ya shukrani kwa mabaharia. Wageni walilijaza. Sisi tulikuwa tukigawiwa mwisho wa mwezi kiasi ambacho, nikiwahesabu wageni niliowaona wakitumbukiza kwa macho yangu, hakikuwahi kufanana. Nilipouliza, niliambiwa kuna gharama. Niliondoka msimu ule ule.

Na vitu si bakshishi. Kofia, miwani iliyokwaruzwa, nusu kreti ya bia: asante, tunapokea, lakini duka halipokei. Isipokuwa koleo. Mjerumani mmoja aliniachia koleo la kukatia waya lisiloshika kutu, mwaka wa sita huu, na nalithamini kuliko noti nyingi.

Saa kumi na moja. Boti inaoshwa kwa maji baridi, rili moja moja, chumvi haina rafiki. Wageni wamechukua minofu ya faulusi kwa chakula chao cha usiku. Samaki ni mali ya boti, ila mgeni akiomba cha kula hanyimwi. Sehewa mmoja ni wetu.

Noti moja haigawanyiki, kwa hiyo Ami aliiweka kifuani akatulipa kwa M-Pesa kutoka kwa salio lake: ni kama shilingi 12,900. Yeye 4,500, mimi na mwenzangu 3,600 kila mmoja, na mvushaji wa dingi 1,200. Kuna nahodha wasiomhesabu mvushaji kwa kuwa hakwenda baharini. Ami huwauliza: bila yeye wewe ungepanda kwa kuogelea? Aliikagua ile noti pande zote mbili juani kabla ya kutuma. Noti iliyochanika kidogo, au ya zamani sana, mbadilishaji anaikataa au anaikata bei, na mgeni akiwa ameshapanda ndege hakuna wa kumrudishia.

Kiasi hicho kwa siku moja ni kizuri, sikatai. Lakini Mei na Juni kusi inapochafua bahari na boti zikapandishwa juu, hizi za Januari ndizo zinazolipa karo.

Saa tatu usiku. Sehewa amepikwa mchuzi wa nazi, watoto wamelala. Ujumbe wa Ami umeingia: kesho Waitaliano wanne, saa kumi na mbili.

Waitaliano ni wakarimu, ila wengine humaliza safari kwa kukomba mifuko, na euro za sarafu hakuna benki wala duka la fedha hapa linalozibadilisha. Dawa yake ni kumngoja mgeni mwingine wa euro, umwombe kwa upole akupe noti yeye achukue sarafu akanywee kahawa kwao. Nimemwambia mke wangu anitolee lile kopo la maziwa juu ya kabati. Tumehesabu pamoja: euro 43. Na safari hii wakiniuliza, sisemi upendavyo.