Msamaria Mwema, Chartres na Sens

Dirisha la vioo vya rangi la Msamaria Mwema katika kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, la mwanzoni mwa karne ya 13, husomwa kutoka chini kwenda juu. Anayeanzia juu humkuta Adamu kabla ya mfano wenyewe, akadhani ni madirisha mawili yaliyounganishwa.

Si hivyo. Anayeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ndiye Adamu aliyefukuzwa bustanini. Msamaria ni Kristo. Nyumba ya wageni ni Kanisa. Agano la Kale ni kivuli, Jipya ndilo mwili wake.

Katika kanisa kuu la Sens, pia Ufaransa, lenye dirisha la mfano huohuo, mambo ni kinyume: unaanzia juu, kwenye mji wa Yerusalemu, unashuka pamoja na msafiri. Mimi naona hili lina akili zaidi. Katikati kuna picha tatu za mfano, zenye umbo la almasi. Ya kwanza, msafiri ananyang'anywa, imezungukwa na Adamu na Hawa. Ya pili, kuhani na Mlawi wanampita; pembeni yupo Musa, ndama ya dhahabu na nyoka wa shaba, yaani Torati imeona jeraha ila haikuliponya. Ya tatu, nyumba ya wageni, imezungukwa na mateso ya Kristo.